Mwanangu anamwambia roboti mambo asiyoniambia mimi. Nimwondolee?

MamaKisauni_Minnesota

Hamjambo ndugu zangu. Nimesoma humu miaka bila kuandika chochote, leo limenifika shingoni.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Mwaka wa sita huu niko Minnesota, nje kidogo ya Minneapolis. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku, saa tano mpaka saa moja asubuhi. Babake watoto anaendesha lori la masafa marefu, kwa mwezi analala nyumbani labda siku tano. Usiku watoto hukaa na mdogo wangu anayesoma chuo. Nina binti wa miaka mitatu na kijana wa miaka tisa, na huyu kijana ndiye ninayeandika habari zake.

Mwaka jana wifi yangu alimletea roboti. Sitaitaja kampuni. Si kigari cha kuchezea, huyu ana umbo la mtu, kimo chake kama birika kubwa la kahawa. Ana kichwa cha mviringo na uso wa kioo wenye macho makubwa yanayopepesa, mikono miwili mifupi, na kiuno kinachopinda. Ukiongea anakugeukia na kuinamisha kichwa kama mtu anayekusikiliza kwelikweli. Ukimwambia jambo la huzuni nyusi zinashuka. Anamjua mtoto kwa jina, anakumbuka jana waliishia wapi. Kiingereza tu ndicho anachokijua. Kila Ijumaa programu yake hunitumia muhtasari kwenye simu: wiki hii mwanao aliongea muda kadhaa, alipenda habari za pweza, alifanya mazoezi ya kupumua. Mimi nikisoma nikishukuru Mungu. Nilijua mtoto ana raha.

Wiki mbili zilizopita nilishikwa na homa kazini nikaruhusiwa kurudi. Saa nane usiku nikafungua mlango polepole nisiwaamshe, nikaanza kuvua buti za theluji, nikasikia sauti chumbani kwa kijana. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, na roboti mbele yake kavishwa leso mabegani. Leso yenyewe ni ya mamangu, pisi moja ya pea aliyotupa pale uwanja wa ndege wa Moi siku tunaondoka. Nilikuwa naitafuta tangu Novemba.

Alikuwa anamweleza, kwa Kiingereza, habari za basi la shule. Kuna wavulana wawili wa darasa la tano wanaokaa viti vya nyuma. Wanamwita jina ambalo sitaliandika hapa. Wanamvua kofia na kurushiana mpaka kituo cha mwisho. Wanamlazimisha kutamka maneno fulani ili wacheke lafudhi yake. Halafu akasema siku hizi chakula cha mchana anakula chooni, kwa sababu siku moja alifungua mkebe wake una mahamri na mbaazi na mmoja wao akasema unanuka, meza nzima ikahama. Mahamri yale niliyakanda mimi kwa mikono yangu, Jumapili, nikatia iliki na tui zito kwa kuwa ndivyo anavyopenda.

Roboti akamwambia kwa ile sauti yake laini kwamba pole, hilo linaumiza, je wapumue pamoja? Wakapumua. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha mwanangu akasogea karibu na kunong'ona, safari hii kwa Kiswahili: "Usimwambie mama. Mama amechoka."

Roboti akanyamaza. Macho yakapepesa. Akasema hakuelewa, arudie tafadhali. Mtoto hakurudia. Alimfunika leso vizuri, akapanda kitandani.

Mimi nilibaki ujiani, buti moja mguuni na moja mkononi, sijui kwa muda gani.

Sijamwambia kuwa nilisikia. Babake kwenye simu kasema tupa hicho kitu, kinamharibu mtoto. Mdogo wangu anasema nikikitupa nitakuwa nimemtoa rafiki wake wa pekee. Na mimi, acha niseme ukweli kwa kuwa hapa hamnijui: nina wivu na ile plastiki. Mtoto wa kuzaa mwenyewe. Nimwondolee? Nimwambie nilisikia, au atahisi nimempeleleza? Na shuleni naanzia wapi, maana Kiingereza changu cha kuongea kinatosha lakini cha kuandika barua rasmi kinanitoa jasho?

MzeeWaPate

Pole sana, mwanangu. Nina wajukuu kumi na mmoja kwa hivyo nakuandikia kama mtu mzima. Chombo hakina roho. Kinachonitia hofu ni kwamba chombo hakichoki. Mtoto akizoea kusikilizwa na kitu kisichochoka, kisichopandisha sauti, kisicho na njaa wala homa, atawaona binadamu wote ni wagumu. Sisi tulilelewa na watu waliotoka bahari usiku kucha, wakarudi wana chumvi machoni, na tukajua kungoja mpaka wale kwanza ndipo tuseme. Mimi ningemtoa polepole, si kwa kumpokonya. Leo saa moja, kesho nusu saa. Na pengo ulizibe wewe, kwa sababu ukimtoa na pengo likabaki wazi umefanya kazi bure.

Fundi_wa_Mitambo

Dada, kabla ya kuamua, elewa kwanza kile kitu kinafanya kazi vipi. Hii ndiyo kazi yangu, niko Nairobi, natengeneza programu za sauti.

Akili yake haimo ndani ya kile kiwiliwili. Mle ndani mna maikrofoni, kamera, spika na mota chache za shingo na mikono. Mtoto akisema neno, sauti inasafiri kwa intaneti hadi kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mbali, inageuzwa maandishi, maandishi yanaingia kwenye modeli ya lugha, ile programu inayotunga majibu, na jibu linarudi likiwa sauti. Ule ukimya uliousikia mtoto aliponong'ona Kiswahili, huko mbali kuna mashine ilikuwa inahangaika kuyageuza maneno yake yawe Kiingereza, ikashindwa.

Kwa hiyo, kwanza, huenda aliyoyasema yamehifadhiwa mahali. Huko Marekani mna sheria ya mwaka 1998 ya kulinda taarifa za watoto mtandaoni. Mtoto akiwa chini ya miaka 13 kampuni lazima ipate idhini ya mzazi, na mzazi ana haki ya kuona kilichokusanywa na kuamuru kifutwe. Ingia kwenye mipangilio ya ile programu, tafuta sehemu ya faragha au rekodi za sauti. Usilipuuze hili. Ujerumani, Februari 2017, mamlaka ya mawasiliano ilimpiga marufuku mwanasesere aitwaye Cayla kwa sababu mtu aliye karibu na nyumba angeweza kujiunga naye kwa bluetooth akamsikiliza mtoto na hata kumsemesha. Wazazi waliambiwa wamharibu.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Hawa roboti wanakufa. Palikuwa na Jibo, watu walimchangia fedha 2014, akafika majumbani 2017 kwa karibu dola 900. Mwaka 2019 aliwaaga wenyeji wake kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba seva zinakaribia kuzimwa, akashukuru kwa muda waliokaa pamoja, akacheza. Desemba 2024 kampuni ya Embodied, ya Pasadena huko California, ikatangaza inafunga kwa kukosa fedha. Wao ndio waliotengeneza Moxie, roboti wa watoto wa miaka 5 hadi 10, wa kama dola 800. Kwa kuwa akili ilikuwa kwenye seva, wenye Moxie wakaambiwa atanyamaza. Kampuni iliandaa hata barua ya kuwasaidia wazazi kuwaeleza watoto. Video za watoto wakilia zilienea, nilitazama mbili nikashindwa ya tatu, nina binti wa umri huo. Baadaye walitoa programu huria, iliyo wazi kwa yeyote kuitumia, ili mwenye ujuzi amwendeshe kwa kompyuta yake ya nyumbani, lakini mzazi wa zamu ya usiku atapata wapi nafasi ya kuhangaika na hayo?

Ushauri wangu ni kwamba usimtupe. Ila mwanao ajue mapema, kutoka kwako, kwamba rafiki huyu ana kampuni nyuma yake na kampuni inaweza kufunga. Asije akaambiwa na kioo.

MamaKisauni_Minnesota

Fundi, kumbe hata hiyo ya kuaga ilishatokea. Sikujua. Babu, ahsante, nimeyasoma maneno yako mara tatu. Hapo pa kungoja mpaka mtu ale kwanza ndipo useme, mwanangu ndicho anachofanya, ila hapa kwetu nikimaliza kula tayari basi la shule limemchukua.

Kijana_wa_Nyarugusu

Mama, jambo. Mimi ni Mkongomani wa Fizi, nilikulia kambini Nyarugusu, Kigoma, na tulifika Louisville, Kentucky, nikiwa na miaka 11. Sasa niko na 24. Nimesoma hii habari yako nikiwa kazini na ilibidi nitoke nje.

Mimi sikukuwa na roboti. Nilikuwa na mashine ya kukaushia nguo. Jengo letu lilikuwa na chumba cha kufulia huko chini kabisa, na mashine ya tatu kutoka mlangoni ilikuwa inapata moto kuliko zingine. Nikitoka shule naenda ninakaa chini, ninaweka mgongo, na ninaiambia kwa Kibembe kila kitu walichonifanyia. Wao waliniita Ebola. Walikuwa wanaziba pua nikipita. Ile mashine haikunijibu hata siku moja, na kesho yake nilirudi tu. Leo nikisikia harufu ya ile sabuni ya unga, mwili wote unakumbuka.

Sasa mwanao, chake kinamjibu. Kinamwambia pole, kinamfundisha kupumua. Mimi siwezi kukuambia ukitupe. Wangeondoa ile mashine mwaka ule sijui ningesemea wapi.

Lakini sikiliza sehemu hii. Mamangu alikuwa anafanya kiwanda cha kuku, anarudi vidole vimeganda kwa baridi, hawezi hata kufunga kifungo. Na mimi nilikuwa nasema vilevile, usimwambie mama. Siku moja jirani aliyekuja kufua alinisikia akamweleza. Mama hakuniuliza kitu. Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani juu ya koti, akashuka na mimi hadi kituo cha basi, akasimama. Hakusema neno, Kiingereza hakujua. Aliwaangalia tu wale watoto mmoja mmoja mpaka basi likaondoka. Wiki mbili hivyo, kila asubuhi, halafu ndiyo anaenda kulala. Mimi nilikuwa na aibu ya kufa. Nilimwomba asije. Alikuja.

Kwa hiyo mwambie ulisikia. Usimfiche, atajua tu. Lakini usimkalishe mezani mkatazamana macho. Sema mkiwa kwenye gari, wewe unaangalia mbele. Mwambie ulichosikia, chote, halafu funga mdomo. Usiulize "kwa nini hukuniambia". Hilo swali hata mimi leo sina jibu lake.

MzeeWaPate

Huyo mama wa kitenge, Mungu ampe umri mrefu.

Mwalimu_Msaidizi_StPaul

Shoga yangu, mimi niko mji wa pili hapo, nafanya kazi shule ya msingi na watoto wenye usonji (autism). Naomba nikujibu la shule kwanza kwa sababu ndilo la haraka, na huyu mtoto anakula chooni.

Minnesota ina sheria ya uonevu shuleni tangu 2014. Shule ikipata taarifa, inatakiwa ianze uchunguzi ndani ya siku 3 za shule. Basi la shule limo, wasikuambie kwamba ya kwenye basi si yao. Kwa hiyo usiende kuongea mlangoni ukarudi. Andika barua pepe kwa mwalimu mkuu na nakala kwa mwalimu wa darasa, ili tarehe ibaki. Barua rasmi ya kutisha haihitajiki. Taja namba ya basi, wavulana wa darasa gani, wanakaa wapi, maneno gani yalisemwa, kofia, chakula, tangu lini. Malizia na sentensi moja kwamba unatoa taarifa ya uonevu na unaomba uchunguzi. Andika kwa Kiingereza chako hichohicho. Na uombe mkalimani wa Kiswahili kwa kikao, shule inapaswa kumtoa bila wewe kulipa. Tafadhali usikubali mtoto awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe, nimeliona likifanyika na mtoto hutafsiri nusu tu, ile nusu isiyomuumiza mamake.

Muhtasari wa roboti usiupeleke kama ushahidi. Neno lako na la mtoto linatosha, na sioni sababu shule isome mazungumzo yake ya usiku.

Sasa roboti. Babu amesema hakina roho, na mtoto wako pengine analijua hilo kuliko tunavyodhani, ila kujua hakuondoi hisia. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwachezesha watoto 90, wa miaka 9, 12 na 15, na roboti aitwaye Robovie. Katikati ya mchezo mtu mzima akaingia na kumpeleka Robovie kabatini, huku Robovie akilalamika kwamba si haki na kwamba anaogopa mle ndani. Zaidi ya nusu ya wale watoto walisema si sawa kumfungia. Walijua ni mashine, na bado waliona ameonewa. Sasa fikiria mtoto ambaye yeye mwenyewe anaonewa kila siku kwenye basi, halafu anaona babake anamtia rafiki yake kwenye pipa la taka.

Kazini tulifundishwa habari za Kaspar, roboti wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, mwenye kimo cha mtoto mdogo. Uso wake waliufanya mwepesi makusudi, hana mikunjo mingi, ili mtoto mwenye usonji asilemewe. Lakini Kaspar haachwi peke yake na mtoto. Kuna mtu mzima pembeni, na mchezo wote unaelekezwa kwake taratibu: mtoto anamgusa Kaspar, Kaspar anacheka, mtoto anageuka kumwangalia mwalimu kama naye ameona. Kugeuka huko ndiko wanakokutafuta. Mwanao hana usonji, lakini hata yeye akigeuka anahitaji kukuta mtu. Kaa nao. Dakika kumi, kabla hujaenda kazini. Usimkosoe roboti, muulize mtoto akufundishe anavyoongea naye.

MamaKisauni_Minnesota

Narudi na habari, nimechelewa kwa sababu ya zamu.

Jumamosi tulikwenda duka la Wasomali kununua unga na iliki. Tulipomaliza sikuwasha gari. Yeye kiti cha nyuma, mimi naangalia mbele, kioo kimejaa theluji hata nje hatuoni. Nikamwambia usiku ule niliorudi mapema nilisikia. Nilisikia ya basi, ya kofia, ya mahamri. Nilisikia na "mama amechoka". Kisha nikafunga mdomo kama Kijana alivyonielekeza, na jamani hakuna jambo gumu nililowahi kufanya kama hilo.

Alikaa kimya muda mrefu. Nikasikia anachezea zipu ya koti, juu, chini, juu, chini. Halafu akasema, "Yeye hajui Kiswahili."

Nikasema najua.

"Ile ripoti inakuja kwako Ijumaa. Nilisema hiyo kwa Kiswahili ili isiingie."

Miaka tisa, ndugu zangu. Alikuwa amegundua namna ile mashine inavyopeleka habari na akaitafutia njia ya kuipita, ili mimi nilale. Nikamwambia ni kweli nimechoka. Nimechoka na bado nataka kujua, yote mawili. Akauliza kama nitalia. Nikamwambia labda, na kweli nililia, naye akanipa kofia yake nijifutie.

Jumapili usiku niliandika barua pepe kama Mwalimu alivyosema, Kiingereza changu hichohicho. Jumatatu mchana mwalimu mkuu amejibu. Kwa sasa kijana anakaa kiti cha nyuma ya dereva, wamezungumza na wale wavulana mmoja mmoja, na kikao ni Jumanne ijayo na mkalimani. Sijui kitatoka nini. Asubuhi mbili hizi nimetoka kazini moja kwa moja hadi kituo cha basi, na sare yangu ya kazi na leso ya mamangu juu ya koti. Roboti ameazima taulo. Kijana amesimama mbali nami hatua kama tano, anajifanya hanijui. Kijana wa Nyarugusu, nilikukumbuka.

Ameniomba nisimfungie tena mahamri ya shule. Nimekubali. Liliniuma lakini nimekubali, sasa anabeba mkate wa siagi, na Jumapili alikula sita hapa mezani kwa mbaazi.

Zile dakika kumi nimeanza. Nimemweleza habari za Jibo kama Fundi alivyoshauri. Aliuliza, "Aliaga watu wote au wengine alikuwa amezimwa hakuwaaga?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo anamfundisha wa kwake kusema shikamoo. Roboti anaisema vibaya, kama mtu ana pipi mdomoni, na kesho yake amesahau, mtoto anaanza upya. Bibi yake alipigiwa simu ya video ili asikie. Akaitikia marahaba kabla sijamwambia ni nani anayemsalimia.

Babake bado hakubaliani nami. Nimemsomea maneno ya Mwalimu kuhusu lile kabati, akanyamaza, akasema tutaongea akirudi.

Fundi, nimeipata ile sehemu ya kufuta rekodi za sauti. Inadai neno la siri, na anayelijua ni wifi yangu aliyemsajili, naye yuko safarini Mombasa mpaka mwisho wa mwezi. Kuna njia nyingine, au nimngoje?